Mkasi wa Fundi Anaeli

Miaka kumi na tisa nimeshona alichokata mwingine.
Fundi Anaeli alikata, mimi nikafuata chaki yake,
mguu kwenye pedeli, macho kwenye sindano,
barazani kwetu, hatua chache kutoka soko la Mbuyuni.
Suruali za shule, dazeni kwa dazeni,
za bluu, za kaki, za kijani kila Januari.
Ningeweza kuzishona usingizini,
na nadhani ipo miaka niliyozishona usingizini.

Akiniita, "Ndeshi, njoo ushike mkasi,"
sikukosa pa kukimbilia:
uzi umekatika, chai inafurika, mtoto ana homa.
Kwetu tulilelewa na ile methali,
kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.
Nikaishonea mfuko, nikatembea nayo.
Lakini kicheko sikikumbuki.
Nakumbuka cherehani.

Mwezi wa sita magoti yalimshinda mzee,
akapanda kwao Kibosho, kwa migomba yake na ng'ombe mmoja.
Mkasi aliuacha mezani. Hakusema kitu.
Mzito kama kipande cha reli,
mpini umelika pale gumba lake lilipokaa miaka arobaini.
Gumba langu lilipwaya humo.

Ndipo akaja Kileo, mwalimu wa Majengo,
na mita tatu na nusu za rangi ya majivu.
Ndoa Jumamosi ya tatu.
"Mzee yuko wapi?"
Nilifungua mdomo niseme: kastaafu, jaribu kwingine.
Ulimi ukatoka na lake:
"Simama hapa nikupime."

Siku mbili kitambaa kililala mezani.
Nikachora, nikafuta, nikachora.
Chaki ikaisha, nikanunua nyingine.
Baridi ya Julai imeukaba mji,
mlima umejifunika gubigubi,
wageni wanapita na fimbo zao mpya
wakiuliza njia ya juu,
na mimi naogopa inchi moja na nusu ya hewa
kati ya ncha ya mkasi na kitambaa cha mtu.

Cherehani ukikosea, unafumua.
Mkasi haufumuliwi.

Nikakata.

Ile sauti nimeisikia maelfu ya mara,
lakini nikiwa upande wa pili wa meza.
Kumbe ukiushika wewe, unaisikia begani.

Nikakata mgongo. Nikakata kifua, kipande na mwenzake.
Kiburi kikanipanda, na kiburi hakina futi kamba:
mikono yote miwili ikatoka ya kushoto.

Nikakaa sakafuni. Nikacheka kwanza,
halafu nikalia,
halafu nikafunga mlango nikaenda kununua kitambaa cha kufidia
kwa hela ya gesi.
Wiki ile tulipikia kuni.
"Mama, moshi," wanangu wakasema, wakifikicha macho.
Nikawaambia wazoee, ndio jina la mji wao.

Sitasema koti lilikuwa zuri.
Kola ilisimama kidogo kwa nyuma
kama mtu aliyesikia anatajwa.
Kileo akajitazama kiooni, akageuka,
akanyoosha mkono wa kulia.
Akanyoosha wa kushoto.
Pumzi yangu ilikuwa huko, ndani ya ule wa kulia.

Akalipa. Akakunja risiti mara nne, kama walimu wanavyokunja.
"Kaka yangu naye anataka.
Nikikukosa hapa jioni, fundi, unakaa wapi?"

Nikageuka kwanza, nione anamwita nani.

"Pasua," nikasema.
Miaka yote hiyo nalitamka
kama jina la mtaa tu.